Gunia la Kambini Halina Lumbesa

Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo, mafundi na vikundi vya akina mama na vijana, Mwanjelwa, Mbeya

Ndugu zangu, ndaga fijo kwa kunialika. Wageni wetu mliotoka Iringa na Mafinga, kamwene. Mwenyekiti ameniambia nina dakika arobaini, na mnamjua ni mtu wa kuangalia saa, kwa hiyo itifaki imezingatiwa kwa walioko mbele na walioko nyuma.

Mlipoingia mmepita gunia la viazi na mzani hapo mlangoni. Gunia nimelinunua leo alfajiri, na mimi mwenyewe sijalipima. Kila mmoja ameandika kwenye kikaratasi anadhani lina kilo ngapi. Vikaratasi vibaki mifukoni, tutalipima mbele ya safari.

Mimi ni mzabuni. Huu ni mwaka wa kumi na nne nauzia taasisi: shule za bweni, hospitali, magereza, na makambi ya jeshi. Nilianza na kabichi. Chuo cha biashara sijakanyaga. Niliyonayo ni daftari la hasara, na leo nimekuja nalo.

Nikisema biashara na jeshi, naona wengine mnaanza kufikiria bunduki. Vifaru havitoki Mwanjelwa, mama yangu. Vitu vyenye usiri wa ulinzi vina utaratibu wao na havituhusu, wala usiulize habari zake. Lakini askari anaamka asubuhi anakunywa uji. Analala kwenye godoro lenye shuka. Bomba la bafuni likipasuka linamwagika kama la kwako. Choo kikijaa kinahitaji gari la kunyonya. Paa likivuja, kitasa kikifa, kiti cha ofisini kikivunjika mguu, mtu fulani analipwa kuja kutengeneza. Swali ni kama mtu huyo anatoka Mbalizi hapa au anatoka Dar es Salaam na lori la vitu alivyokuja kuvinunua kwetu.

Maana ndivyo ilivyo. Nimewahi kumuuzia maharage mzabuni aliyesafiri siku nzima, akayapeleka kambini umbali wa nusu saa kutoka stoo yangu. Faida yake ilikuwa karatasi tu. Maharage ni yetu, gari alikodi kwetu, vibarua ni wadogo zetu. Yeye alikuwa na karatasi. Nililala na hilo jambo wiki nzima.

Tuangalie ukanda wetu. Mbeya tuna jeshi pale Mbalizi, tuna JKT Itende. Wenzetu wa Mufindi wana JKT Mafinga. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na wazee humu wanakumbuka vijana wa mujibu wa sheria walivyokuwa wakienda, kisha utaratibu ukasimama mwaka 1994, ukarudi 2013. Kwa mfanyabiashara, huo mwaka 2013 una maana kubwa. Watoto wakimaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, makambi hujaa vijana kwa mkupuo mmoja. Kambi iliyokuwa inapika sufuria kadhaa inapika mara nyingi zaidi. Mahitaji ya mboga, nyanya, vitunguu, sabuni, ndoo na kandambili yanapanda kwa wiki chache, halafu yanashuka. Mkulima wa kabichi anayejua kalenda hiyo anapanda akihesabu miezi nyuma. Asiyeijua anasikia habari zake barabarani mabasi yakishapita.

Na si lazima uwe na mkataba ili ufaidike. Siku ya kufunga mafunzo, wazazi wanakuja kutoka mikoa yote. Wanahitaji pa kulala, chai, wali, bodaboda, chaja ya simu. Huyo hataki zabuni wala fomu. Anataka chai iwe ya moto saa kumi na mbili asubuhi. Ila wewe mpiga picha, kamera yako ibaki nje ya geti mpaka uruhusiwe. Usije ukasema nilikutuma.

Sasa niseme jambo ambalo wahamasishaji wengi hawalisemi. JKT yenyewe inalima. Ina mashamba, ina mifugo, na lengo ni kambi zijilishe. Kule Chita, mkoani Morogoro, wanalima mpunga shamba kubwa. Shirika lake la uzalishaji, SUMAJKT, lililoanzishwa mwaka 1981, linajenga, linatengeneza samani, linatoa walinzi. Kwa hiyo ukikaa ukasema nitawauzia mahindi milele, unashindana na mwenye nguvu kazi asiyeihesabia posho kama wewe. Mimi nimeona oda yangu ya mahindi ikipungua mwaka hadi mwaka, nikaacha kulalamika nikahamia kwenye vitu wasivyolima kwa wingi: viungo, nyanya za msimu mbaya, vitunguu. Na nikaanza kuangalia huduma. Huduma hailimwi. Kufua, kuziba mabomba, kupaka rangi, kuzoa taka, kutengeneza friji la jikoni, kushona mapazia na aproni za wapishi. Humo ndimo naona nafasi ya mtu mdogo ikipanuka, kuliko kwenye gunia la mahindi.

Kuna na hili la nishati. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Makambi yamo, shule zimo, magereza yamo. Majiko lazima yabadilishwe, na yakishabadilishwa yanahitaji mtu wa kuyatengeneza, kusambaza gesi, kusambaza mkaa mbadala. STAMICO, shirika la madini la taifa, wanatengeneza mkaa wa aina hiyo kwa makaa ya mawe ya Kiwira, hapo nyuma ya milima yetu. Fundi jiko uliyeko humu ndani, jiko la banda limekuwa jiko la taasisi. Ukijua kulehemu na kupima hewa inavyoingia, umri wako wa kazi umeongezeka.

Twende kwenye karatasi. Najua ndiko usingizi unakoanzia, kwa hiyo nitakwenda mbio.

Ununuzi wa umma siku hizi uko chini ya Sheria Na. 10 ya mwaka 2023, na zabuni zinatangazwa na kujibiwa kwenye mfumo wa NeST, wa mtandaoni, chini ya PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma. Zamani ulikuwa unakwenda na bahasha ya kaki, unaiweka kwenye sanduku, unaangaliana na mpinzani wako usoni. Sasa unakaa kwako Iyunga na simu. Unahitaji jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi, leseni ya halmashauri, akaunti ya benki kwa jina lile lile la biashara. Nimerudia maneno hayo makusudi. Jina lile lile. Nimewahi kukosa kazi kwa sababu BRELA niliandika neno "na" na benki wakaandika alama ya "na". Unacheka, dada, lakini mimi nililia.

Wa ujenzi na rangi, kumbukeni Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bila usajili, kazi ya ukandarasi huipati hata kama mkono wako ni wa dhahabu. Madaraja yanaanzia la saba, hakuna anayekuambia uanze na la kwanza.

Na akina mama, vijana, wazee, na ndugu zetu wenye ulemavu: sheria inataka taasisi itenge asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa makundi maalum. Ni nyingi. Marekani, ambako biashara ndogo zimekuwa na sheria yake tangu 1953, lengo la serikali kuu ni asilimia 23 ya fedha za mikataba iende kwa wadogo, na jeshi lao ndilo mnunuzi mkubwa kuliko wote. Sisi kwa maandishi tumewapita. Kwa maandishi. Maana asilimia 30 haitembei kwa miguu ikaja kugonga mlango kwako Nzovwe. Kikundi lazima kisajiliwe, na anayeanza kukushika mkono ni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako, si mimi wala si mjomba wako aliyeko Dodoma. Kikundi kikiwa cha jina tu, chenye mwenyekiti mmoja anayekula na wengine wanaosaini, kitakufa kwenye malipo ya kwanza. Nimeviona vikifa.

Kabla sijasahau: matapeli. Hili linawaumiza wengi kuliko ushindani. Simu inaingia. "Habari mama, mimi afande fulani, stoo ya kambi fulani, tunahitaji kuku 500 wa haraka, kuna ugeni mkubwa. Tuma laki tatu na themanini ya fomu ya usajili wa mzabuni." Jirani yangu mfugaji alituma. Akatuma na ya pili, ya "muhuri". Kuku wakabaki bandani wanakula pumba za bure. Sikilizeni: geti la kambi lipo, lina askari, na unaweza kwenda ukauliza. Zabuni ya halali utaiona kwenye mfumo, na hakuna afande anayepokea ada ya serikali kwa namba yake ya simu. Akikuambia usimwambie mtu kwa sababu ni siri ya jeshi, hapo ndipo uwaambie watu wote.

Haya. Kabichi.

Oda yangu ya kwanza ya kambini ilikuwa kabichi kilo 1,500. Sitaitaja kambi, wala haikuwa na kosa. Nikapanda mpaka Isyonje, nikanunua kabichi kwa kichwa, kama tunavyonunua wote. Ilikuwa masika. Kabichi kubwa, nzito, zimejaa maji, nikajiona mjanja. Nilipima tano kwa mzani wa dukani, nikapiga wastani, nikazidisha. Nikaongeza vichwa ishirini vya akiba. Tukafika getini saa mbili asubuhi, tukaandikwa, tukapekuliwa, tukafika stoo saa tatu na nusu. Mtunza stoo, koplo mmoja mpole sana, akaita vijana wawili. Wakaanza kuvua majani ya nje. Kabichi moja majani matatu, nyingine matano. Zilizochubuka wakaziweka pembeni. Ndipo wakapima.

Nikapungukiwa karibu kilo mia tatu. Nikarudi sokoni kununua kwa bei ya rejareja ili nitimize oda, kwa gari la kukodi la pili. Hesabu ya siku ile iliishia hasara, na yale majani ya nje nikapewa niondoke nayo. Ng'ombe wa mama mkwe walikula vizuri.

Kosa langu lilikuwa lugha. Mimi nilinunua kwa kichwa, wao walinunua kwa kilo iliyosafishwa, na sikuwa nimesoma mstari ulioandikwa hivyo kwenye vigezo. Ulikuwepo.

Sasa, kijana wangu, tafadhali lete lile gunia. Wawili mtamsaidia, asivunje mgongo. Toeni vikaratasi. Nani kaandika mia moja? Wengi. Mia na kumi? Haya, someni mzani kwa sauti.

Mia na kumi na nane.

Hii ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza gunia kuvuka kilo mia, na Wakala wa Vipimo wanafanya msako, na bado leo asubuhi nimeuziwa kilo 118 kwa jina la gunia. Mkulima aliyelima viazi hivi amelipwa gunia moja. Kilo kumi na nane zimepotelea njiani kwa jina la desturi. Sokoni tunaishi hivyo: gunia, debe, sado, fungu, kichwa. Kambini hakuna debe. Kuna kilo, na kuna mtu mwenye kalamu anayeandika kilo. Ukiandika bei yako kwa gunia kichwani halafu ukaijaza kwa kilo kwenye mfumo, ama umejipunja ama umejiondoa. Nunua mzani. Nunua kwa mkulima kwa kilo, mlipe kilo zake. Mimi nilipoanza kufanya hivyo, wakulima wa Tembela walianza kunitafuta wenyewe, na viazi vyangu vikaacha kuwa na mawe chini ya gunia.

Nimebakiza dakika kumi na tano na nimefika kwenye lililonileta. Hayo mengine yote mngeyajua kwa kuuliza. Linaloua mzabuni mdogo ni kungoja.

Chukua mfano, bei ni za kufundishia tu. Una LPO, yaani hati ya oda, ya maharage kilo 2,000. Unanunua kwa 2,400, hiyo ni milioni nne na laki nane. Gari, vibarua na magunia 250,000. Umetumia milioni tano na elfu hamsini. Unauza kwa 2,900, ankara yako ni milioni tano na laki nane. Faida 750,000. Vizuri. Umepeleka, mzani umesoma sawa, umesainiwa hati ya kupokea. Unarudi nyumbani unaimba.

Fedha inakuja lini? Inaweza kuja mwezi huu. Inaweza kuja baada ya miezi miwili. Inaweza kukukuta mwaka wa fedha unakwisha Juni, ukasubiri mpya uanze Julai, na fungu lifunguliwe. Hakuna mtu mbaya hapo, ndivyo fedha ya umma inavyotembea. Sasa kama ile milioni tano uliikopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, kwa asilimia kumi kwa mwezi, mwezi wa kwanza umelipa laki tano, mwezi wa pili laki tano nyingine. Faida yako ilikuwa laki saba na nusu. Umeshaanza kulipia kuwalisha askari kutoka mfukoni mwako. Na kodi ya zuio itakatwa kabla hela haijakufikia, hata kama utaidai kwenye hesabu zako za mwaka.

Niliwahi kungoja siku mia na ishirini. Taasisi siitaji. Niliuza kiwanja cha Iwambi.

Kwa hiyo ukitaka kujua uko tayari au hujawa tayari, usihesabu maharage. Hesabu miezi unayoweza kukaa bila hela hiyo na watoto wakaenda shule. Kama jibu ni wiki mbili, chukua oda ndogo. Kukataa oda kubwa si uoga. Benki kubwa hapa nchini zina mkopo wa LPO, riba yake haifanani hata kidogo na ya kausha damu, lakini wanataka kuona karatasi zako na mzunguko wa akaunti, kwa hiyo anza kupitisha mauzo benki leo, kabla hujaihitaji. Na halmashauri zina ile mikopo ya asilimia 10, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Haina riba. Kikundi chenye mkopo usio na riba kinaweza kungoja. Kikundi kinachoweza kungoja kinaweza kuuza kwa bei nzuri kuliko mimi, na nasema hivyo nikiwa mshindani wenu.

Au ingia kwa mlango wa pembeni. Pale Mafinga kuna mafundi seremala wanaoishi kwa mbao za msitu wa Sao Hill. Kazi ya vitanda 300 hakuna fundi mmoja anayeiweza. Lakini aliyeshinda kazi anahitaji miguu ya vitanda, anahitaji mtu wa kupiga randa, anahitaji mtu wa kupaka vanishi. Anakulipa wiki hiyo hiyo kwa sababu anataka kumaliza. Faida ni ndogo, na mzigo wa kungoja ni wake. Mimi miaka minne ya kwanza baada ya ile kabichi niliishi hivyo, nawauzia wazabuni wakubwa, huku najifunza wanavyojaza fomu. Sikuona aibu.

Neno kwa mafundi cherehani, kwa sababu nimeulizwa mara tatu tangu nifike. Kushona mashuka, mapazia, aproni na trakisuti ni kazi ya wazi. Vitambaa vya mabakamaka msiguse, hata mteja akiwa na ndevu za heshima. Mwaka 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi. Ukishona suruali moja ya mabaka kwa ajili ya msanii wa muziki, umefunga mlango wa oda ya mashuka elfu moja.

Na ukishaingia kambini, kaa na ulichokiona. Mzabuni anayekuja kusimulia kilabuni idadi ya magodoro aliyohesabu hataitwa tena, na ni haki yake. Akitokea mtu ndani akakuomba cha juu ili ankara yako isogee, TAKUKURU wapo. Mimi niliwahi kwenda kwao kuripoti. Nilichelewa kulipwa, nikalipwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kijana mwenye kompyuta pale dirishani atakaa mpaka saa kumi. Mwenye namba ya mlipakodi na kitambulisho cha taifa amfuate, atamfungulia akaunti ya NeST bila malipo, na atawaonyesha mpango wa ununuzi wa taasisi za hapa kwetu uko wapi kwenye mfumo. Viazi vya gunia vitagawiwa, na mgawo ni kwa mzani.

Chakula kiko tayari nyuma ya ukumbi. Ni wali wa Kyela na maharage, na maharage nimeyatoa mimi. Yalirudishwa getini mwezi uliopita. Oda ilisema ya njano, nami nilipeleka yaliyochanganyika. Karibuni sana.